Mkorogo ni ujumbe wa uongo mwilini



Leo naomba nianze na habari ya binti mmoja wa mtaani kwetu. Jina lake nitalisitiri, kwani yu hai, alhamdulillah, na ni mke wa mtu. Miezi michache kabla ya harusi yake alianza kupaka krimu aliyouziwa kwenye duka la vipodozi, akiichanganya na losheni kama wafanyavyo wenzake. Rangi ikafunguka upesi na kila mtu akamsifu. Baada ya ndoa aliendelea, na shoga yake akamwongezea vidonge vidogo vya kunenepesha. Haukupita muda, uso ukajaa ukawa wa duara, mashavu yakawa mekundu, na nyama ikatuna nyuma ya shingo. Tulipokwenda kumtazama, akina mama tukasema kwa kauli moja: "Mashaallah, ndoa imemkubali!" Nami nilikuwamo miongoni mwa waliosema.

Kisha mumewe akasafiri, pesa zikapungua, binti akaacha krimu na vidonge vyote kwa siku moja. Wiki haikuisha akashikwa na malaria. Watu huugua malaria wakapona, lakini yeye alitapika mfululizo, akaishiwa nguvu, na kila alipojaribu kusimama alizirai. Nyumbani maneno yakawa mengi: huyu anasema ni husuda, yule anasema ni jini. Hospitali walipouliza ni dawa gani alizokuwa akitumia, mama yake alijibu kwamba hakuna. Aliyemwokoa ni mdogo wake wa kike, ambaye alikimbia nyumbani akarudi na kikapu chenye tyubu na vidonge. Daktari alivitazama, akaagiza pamoja na dawa ya malaria apewe dripu na sindano ya haidrokotisoni. Kesho yake aliketi kitandani, akaomba uji.

Ndugu msomaji, habari za mkorogo tumezisikia sana. Tumeambiwa kwamba unaharibu ngozi, na kwamba ni kukosa shukurani kwa rangi tuliyoumbwa nayo. Hukumu yake kidini nawaachia masheikh, wao ndio wenye elimu hiyo. Maoni yangu ni kwamba tumekosea kuuzungumza mkorogo kama jambo la urembo na rangi tu. Krimu nyingi kati ya hizo, na baadhi ya vidonge hivyo, vina homoni, na homoni ni ujumbe. Anayejipaka anautumia mwili wake barua ambayo mwili haukuiandika, nao mwili unaipokea na kuitii. Tukilielewa hilo, tutajua kwa nini binti yule alinenepa, na kwa nini alikaribia kufa siku alipoacha.

Basi tuangalie jinsi ujumbe unavyosafiri ndani ya mwili.

Mwili wa mtu mzima umejengwa kwa chembe hai, au seli, zaidi ya trilioni 30. Kila moja ina kazi yake, lakini hakuna inayojiamulia peke yake. Ini linahitaji kujua kama mtu amekula au ana njaa. Moyo unahitaji kujua kama kuna hatari. Habari hizo hupelekwa kwa njia ya kemikali. Tezi hutoa kemikali, damu huisafirisha, na seli inayohusika huipokea. Mwaka 1902 Waingereza wawili, William Bayliss na Ernest Starling, waligundua kwamba utumbo hupeleka ujumbe kwa kongosho kupitia damu bila kutumia mishipa ya fahamu. Mwaka 1905 Starling akazipa kemikali za namna hiyo jina la homoni, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kuamsha au kusukuma.

Damu hupita kila mahali, kwa hiyo homoni nazo hupita karibu na kila seli. Mbona basi si kila seli inayozijibu? Ni kwa sababu seli huhitaji kuwa na kipokezi, yaani protini yenye umbo linaloingiliana na homoni ile kama kufuli na ufunguo wake. Seli isiyo na kipokezi cha homoni fulani haina habari nayo, hata ikiogelea ndani yake.

Sasa fikiria nyumba yako. Wapo wageni ambao hubisha hodi wakaishia mlangoni. Mtoto hutoka, huitikia salamu, kisha hupeleka habari ndani kwa mama. Mgeni hakuingia, ila habari yake imefika jikoni. Homoni nyingi hufanya kazi hivyo. Adrenalini ni mfano. Kipokezi chake kimekaa kwenye ukuta wa seli. Adrenalini ikikigusa, ndani ya seli hutengenezwa kemikali nyingine ndogo inayoichukua habari na kuifikisha panapohusika. Mmarekani Earl Sutherland ndiye aliyemgundua "mjumbe wa pili" huyo katika miaka ya 1950, alipokuwa akichunguza jinsi ini linavyoambiwa litoe sukari, na mwaka 1971 alipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo. Uzuri wa mpango huu ni kwamba sauti hukuzwa njiani. Hodi moja ya mlangoni huzaa wajumbe wengi ndani, na kila mjumbe huamsha wafanyakazi wengine.

Rangi ya ngozi yako nayo hutokana na hodi ya namna hiyo. Jua kali linapopiga ngozi, seli zilizodhurika hutoa homoni ndogo. Homoni hiyo hubisha hodi kwa seli jirani zenye kazi ya kutengeneza rangi. Ndani ya seli hizo mjumbe wa pili huzaliwa, kazi huanza, na rangi iitwayo melanini hutengenezwa na kugawiwa kwa seli za jirani. Huko melanini hukaa juu ya kiini cha seli mfano wa mwavuli, ili miale ya jua isichome maandishi ya urithi yaliyomo ndani. Ama kwa hakika, weusi wa ngozi ni jibu la mwili kwa jua. Anayeuondoa amefunga mwavuli mchana wa saa saba.

Wapo pia wageni wa namna ya pili, wale wa nyumbani. Shangazi hasimami mlangoni. Huingia moja kwa moja hadi chumba cha ndani, akafungua sanduku, akasema hiki kitumike na kile kiwekwe. Homoni za jamii ya steroidi ndizo shangazi. Zina asili ya mafuta, na ukuta wa seli nao ni wa mafuta, hivyo hupenya bila kuzuiwa. Ndani hukutana na kipokezi chao, wakashikana na kuingia pamoja hadi kwenye kiini cha seli, mahali yanapokaa maandishi ya urithi. Huko huamuru baadhi ya maandishi yasomwe na mengine yafungwe. Kwa maneno mengine, homoni hizi hubadilisha kazi ambayo seli inaifanya.

Mkubwa wao katika habari yetu ya leo ni kortisoli. Hutengenezwa na tezi mbili ndogo za adrenali zilizokaa juu ya figo, kwa kiasi cha takriban miligramu 10 hadi 20 tu kwa siku. Huwa nyingi alfajiri na asubuhi ili mtu aamke na nguvu, na hupungua usiku. Kazi yake ni kuuwezesha mwili kustahimili taabu kama njaa, homa, jeraha, upasuaji na kujifungua. Huliambia ini litoe sukari, husaidia shinikizo la damu lisianguke, na huzituliza askari wa kinga wasivuke mpaka. Karibu kila seli ya mwili ina kipokezi chake. Ndugu msomaji, hilo la mwisho naomba ulishike, kwani ndilo kiini cha hoja yangu.

Mwili haukuiacha kortisoli bila msimamizi. Unalijua boya la tangi la maji? Maji yakipungua boya hushuka na bomba hufunguka. Yakijaa, boya hupanda na kulifunga. Ubongo hufanya hivyo hivyo. Sehemu yake ya chini hupeleka agizo kwa tezi ya pituitari, pituitari hupeleka agizo kwa tezi za adrenali, nazo hutoa kortisoli. Kortisoli ikitosha, ubongo na pituitari huisikia na kunyamaza. Ikipungua, huagiza tena.

Sasa aingie mtu na ndoo zake, amimine maji ndani ya tangi mchana na usiku. Boya litapanda na bomba litafungwa. Akiendelea hivyo kwa miezi, bomba lile lisilotumika litashika kutu. Ndivyo linavyofanya mkorogo wenye steroidi. Ubongo unaona homoni imejaa, unanyamaza. Tezi za adrenali, kwa kukosa agizo, husinyaa. Siku ndoo zikikoma ghafla, tangi linabaki tupu na bomba halifunguki. Kuliamsha tena huchukua wiki nyingi, pengine miezi, na kwa baadhi ya watu hufika mwaka. Katika kipindi hicho homa, ajali au uzazi unaweza kumwangusha mtu, kwa sababu ile homoni ya kustahimili taabu haipo. Binti wa mtaani kwetu hakurogwa. Tangi lake lilikuwa tupu.

Huenda ukasema ninatisha watu kwa kitu kidogo. Basi tutazame vipimo. Kidonge cha deksamethasoni cha miligramu 0.75 kina nguvu sawa na miligramu 20 za haidrokotisoni, ambayo ndiyo kortisoli yenyewe kwa jina la duka la dawa. Maana yake kidonge kidogo namna hiyo kinabeba ujumbe wa siku nzima. Anayemeza viwili au vitatu ili anenepe ameujaza mwili mara mbili au tatu ya ulichojipangia. Tabia hii ya kumeza deksamethasoni kwa ajili ya unene imeenea Sudan na Kongo, na sisi haiko mbali nasi.

Upande wa krimu, klobetasoli ni miongoni mwa zile kali kabisa. Maelekezo yake ya kitabibu ni isizidi gramu 50 kwa wiki, na isipakwe zaidi ya wiki 2 mfululizo. Hata gramu 2 kwa siku zimeonekana kuweza kuzinyamazisha tezi za adrenali. Kupaka mwili mzima wa mtu mzima mara moja huchukua takriban gramu 20 hadi 30. Anayejipaka asubuhi na jioni huimaliza posho ya wiki kwa takriban siku moja. Wapo watakaosema wanaichanganya na losheni. Ni kweli makali hupungua, lakini nani ampimiaye? Mchanganyaji anakoroga kwa kijiko na kwa macho, na mpakaji hajui ndani mna nini.

Na kwa nini rangi hufunguka? Ni kwa sababu ujumbe wa steroidi hubana mishipa midogo ya damu kwenye ngozi na kupunguza kazi ya seli zinazotengeneza rangi. Lakini ujumbe ule ule, barua ile ile moja, husomwa na majirani wote. Seli zinazotengeneza kolajeni, ambayo ndiyo nguzo ya ngozi, nazo huacha kazi: ngozi huwa nyembamba, mishipa huonekana, michirizi hutokea na kidonda huchelewa kupona. Askari wa kinga hulala: mapunye na chunusi hushamiri. Homoni ikishaingia katika damu, ini husoma "toa sukari" na kisukari hujitokeza. Mafuta huhamia usoni, tumboni na nyuma ya shingo, huku mikono na miguu ikikonda. Mifupa hulegea, shinikizo la damu hupanda. Hali hii daktari Mmarekani Harvey Cushing aliieleza mwaka 1912, nasi hadi leo tunaipigia vigelegele na kuiita neema ya ndoa.

Isidhaniwe kwamba ninaipiga vita dawa yenyewe. Mwezi Septemba 1948, huko Rochester nchini Marekani, daktari Philip Hench alimdunga kotisoni mwanamke kijana ambaye baridi yabisi ilikuwa imemlemaza. Ndani ya siku chache mwanamke yule akawa anatembea. Mwaka 1950 Hench na wenzake wawili, Edward Kendall na Tadeus Reichstein, walipewa Tuzo ya Nobel. Lakini haikuchukua muda madaktari wakaona kwamba dozi kubwa ya muda mrefu huleta uso wa duara na maradhi mengine. Mwaka 2020 utafiti mkubwa uliofanyika Uingereza ulionesha kwamba deksamethasoni ilipunguza vifo kwa takriban theluthi moja miongoni mwa wagonjwa wa korona waliokuwa kwenye mashine za kupumulia. Mama anayeelekea kujifungua kabla ya wakati naye huweza kudungwa steroidi ili mapafu ya mtoto yakomae. Mwenye pumu au pumu ya ngozi asiitupe dawa yake kwa sababu ya makala haya. Tofauti ni kwamba daktari anajua anaandika barua gani, kwa nani, na kwa siku ngapi.

Nyumbani kuna hatari nyingine ambayo haitajwi. Mama akishaamini krimu yake "inatibu kila kitu", humpaka nayo mtoto mchanga upele wa nepi. Ngozi ya mtoto ni laini, mwili wake ni mdogo, na nepi huifunika dawa ikapenya zaidi. Madaktari wa nchi mbalimbali wameandika habari za watoto wachanga waliovimba uso na kudumaa kwa sababu ya klobetasoli ya upele wa nepi. Watu husema mtoto amenona.

Aidha, mikorogo mingine haina steroidi bali ina zebaki au haidrokwinoni. Hivi huzuia kimeng'enya kinachotengeneza melanini. Zebaki huharibu figo na mishipa ya fahamu, tena haibaki kwa aliyejipaka: hugusa taulo, shuka na mikono ya watoto, na humfikia mtoto aliye tumboni. Vipodozi vyenye viambato hivi vimepigwa marufuku Tanzania, na tangu mwaka 2019 usimamizi wa vipodozi uko chini ya Shirika la Viwango, TBS. Hata hivyo serikali haiwezi kuingia kila chumba cha kuvalia. Chumba hicho ni chetu.

Kwa hiyo lawama yangu kubwa siielekezi kwa mabinti. Naielekeza kwetu sisi tunaowasifu. Ni mama mkwe anayesema "bibi harusi mbona hajang'aa". Ni mume anayemtazama mke wa jirani na kumlinganisha na wake. Ni mwenye duka anayeuza dawa ya hospitali kama anauza sabuni. Bibi zetu walimtengeneza bibi harusi kwa singo na liwa, akanukia na kupendeza, na rangi yake ikabaki yake. Sioni aibu kurudi huko.

Naomba sasa tushike mambo manne.

La kwanza, soma tyubu kabla ya kununua. Ukiona maandishi clobetasol au betamethasone, hiyo ni dawa, haikutengenezwa kwa ajili ya urembo. Isiyo na maandishi kabisa, kopo la kukorogewa, iogope zaidi.

La pili, kama umeitumia kwa muda mrefu na mwili mzima, au umemeza vidonge vya kunenepa, usiache ghafla kwa sababu umesoma gazeti. Nenda hospitali uelezwe jinsi ya kupunguza kidogo kidogo. Ngozi inaweza kuwaka na kuwa nyekundu kwa muda, na huo ndio wakati ambao wengi hurudia. Subira inahitajika.

La tatu, ukimwona mtu wa namna hiyo anatapika, ameishiwa nguvu, anazirai au amechanganyikiwa, hasa akiwa na homa, mpeleke hospitali saa hiyo hiyo, wala usingoje kukuche. Mwambie daktari kila kitu, na beba tyubu na vidonge vyenyewe.

La nne, ondoeni aibu ndani ya nyumba. Mficha maradhi kilio kitamfichua. Mama wa binti yule hakusema uongo kwa ubaya; aliona haya kusema mbele ya watu kwamba mwanawe anajichubua. Haya ile ilitaka kumgharimu mtoto. Binti akijua kwamba akisema atasaidiwa badala ya kusimangwa, atasema mapema.

Binti mwenyewe nilimwona hivi karibuni. Daktari alimpunguzia dawa taratibu kwa miezi kadhaa hadi tezi zake zikaamka. Uso umerudi ulivyokuwa, rangi imerejea kwa mabaka mabaka, na michirizi ya mapajani amesema haitatoka. Ana mtoto mgongoni. Nilimuuliza anampaka nini mtoto. Akacheka, akasema: "Mafuta ya nazi, bibi. Huyu hakuna atakayemwandikia barua."

Tukutane wiki ijayo, inshaallah.